Wiki ya Kupima Takataka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kusomea uchumi wa kijani. Kwa nini kijani, sijui. Mwalimu kaeleza saa mbili nzima: maendeleo endelevu ni kutumia vya leo bila kuwanyima watakaokuja kesho. Nikaandika. Nikasoma nilichoandika. Nikazidi kupotea. Nisipotumia, nitaendeleaje? Nikitumia, wa kesho watakuta nini? Na hao wa kesho, wao hawana kesho yao? Nikanyoosha mkono niulize. Mwalimu akadhani naomba kwenda msalani, akaniruhusu. Nikaenda. Ningefanyaje?

Kilichonileta huku nakijua vizuri. Kiwanda chetu cha uchapaji kimeleta watu wawili, na meneja kasema atakayefanya vizuri ndiye mkuu wa kitengo kipya cha mazingira. Ofisi ya ghorofani, yenye dirisha! Mimi miaka kumi na moja natunza stoo ya karatasi, chini kabisa, mvua ikinyesha naambiwa na wenzangu. Nikiikosa nafasi hii, nitazeekea humo.

Mwenzangu ni karani wa mapokezi. Namwita Bi Daftari, maana huyo hata akipiga chafya anaandika. Balaa juu ya balaa, ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

Jumanne, 4 Machi

Kazi ya nyumbani! Kila mwanafunzi kapewa mizani. Kuanzia kesho hadi Jumapili, kila asubuhi upime taka za nyumbani kwako, uandike ni kilo ngapi na zimekwenda wapi. Nimeelewa palepale: mwenye kilo chache ndiye mshindi. Hilo la zimekwenda wapi sikulielewa, nikaliruka.

Jumatano, 5 Machi

Kilo nne na nusu! Nimepima mara tatu, ya tatu nimebana pumzi. Haikusaidia. Nimechunguza, chanzo ni mama mkwe, aliyekuja kututembelea. Anamenya viazi maganda manene, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Mkwe hasemwi, kwa hiyo nikamtuma mke wangu amwombe kwa adabu viazi vichemshwe na maganda yake. Sijui alimwambiaje. Jioni mama mkwe kasema, kwa sauti ya kufika sebuleni, kwamba ana miaka sabini na hajawahi kuona mwanamume anayehesabu maganda. Nimeona aibu. Nikajifanya nasoma.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Bi Daftari ana pipa jeusi uani, hapo hapo kwenye ukuta. Alfajiri nimenyata na mfuko wangu, nikaumwaga wote humo. Mimi napungua, yeye anaongezeka. Nimeandika: kilo sifuri. Ile ya jana nimeifuta kwa raba.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna kitu sielewi. Pipa nililolijaza jana leo ni tupu. Na kifuniko kimeachwa wazi. Nimemwaga tena, pamoja na majani makavu ya uani. Sifuri.

Kazini Bi Daftari kanichangamkia sana. Kaniuliza nyumbani hawajambo, mama mkwe je, viazi anavipenda? Viazi vya mkwe wangu vinamhusu nini? Nikasema hajambo.

Jumapili, 9 Machi

Jana na leo nimeomba na taka za jirani wa kushoto, nikabeba zote. Mgongo umekufa. Lakini Bi Daftari kwisha habari yake! Mke wangu kasema mtu anayeomba taka za watu akazimwage kwa mtu mwingine ni wa kuombewa. Kesho atanielewa.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimesimama wa kwanza. Nimesema kwangu watu watatu, taka sifuri, siku zote tano. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akauliza zimekwenda wapi. Nikasema hazikwenda popote, hazikuwepo. Akaandika kitu, akaniambia nikae.

Kisha Bi Daftari. Kumbe lile pipa ni la kukusanyia mboji! Maganda na majani anayahamishia shimoni, yanaoza, yanakuwa mbolea. Alisema kazi yake ilitaka kukwama, kwani anaishi peke yake na maganda hana. Ndipo akajitokeza jirani mmoja mwenye moyo safi, asiyependa sifa, anayeleta mzigo alfajiri na kuondoka kimyakimya. Kila mzigo kaupima na kuuandika: tarehe, saa, kilo. Maganda ya viazi, manene. Jumla kilo thelathini na mbili. Makofi yale! Wengine walisimama.

Hapo mwenye akili angenyamaza. Lakini jamani, sifa zote zile ni zangu! Nikainuka, nikasema jirani huyo ni mimi.

Mwalimu akaomba daftari langu na lake, akayaweka sambamba. Akasoma tarehe moja moja, kwa sauti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bi Daftari hakukasirika, akaniambia pole. Hiyo pole ndiyo iliyoniuma.

Jumanne, 11 Machi

Meneja kaniita. Bi Daftari ndiye mkuu wa kitengo. Nikageuka nirudi stoo. Akaniambia ngoja, Bi Daftari anahitaji msaidizi, na yeye mwenyewe kanitaja mimi: mtu anayeweza kubeba taka za mtaa mzima kabla ya jua kutoka si wa kutupa. Nitakaa naye ghorofani! Sharti ni moja, nifaulu kazi ya pili ya mwalimu, na safari hii kwa uaminifu. Machozi yalinilengalenga. Nimeapa mbele ya meneja. Nimekwenda nyumbani nikaapa mbele ya mke wangu, na mbele ya mama mkwe ambaye hata hakuacha kumenya.

Kazi yenyewe ni kupunguza matumizi ya maji. Mwalimu kasoma mita za wote leo, atazisoma tena Jumamosi.

Nimekaa nikatafakari sana. Kwa uaminifu kabisa nimekwenda kwa jirani wa nyuma, nikamwomba ruhusa ya kuunganisha mpira kwenye bomba lake. Kakubali. Hakuna kunyata, hakuna kuficha! Tutaoga, tutafua, tutapika, na mita yangu haitasogea hata kidogo.