Jinsi Nilivyompa Bi Ashura Uprofesa

Jumatatu, 2 Machi 2009. Nachingwea

Nashukuru! Laptopu imefika. Imekuja na basi la Lindi, imeviringishwa kwenye khanga, modemu yake ndani ya soksi. Miaka kumi na minne ya ukutubi, leo ndiyo mara ya kwanza kupewa kitu ambacho hakina vumbi.

Pamoja nayo barua ya mratibu wa mradi, Bwana Linus. Maktaba zake mbili, yangu hii na ile ya Ruangwa, zifungue blogu na ukurasa wa Fesibuku ili zivute wasomaji. Mkutubi atakayekuwa na wageni wengi ifikapo tarehe 20 atakwenda Arusha kwenye mkutano wa wakutubi. Kwa ndege! Sijapanda ndege maisha yangu yote. Nimeshawaaga watu saba.

Mkutubi wa Ruangwa ni Makrina. Tulisoma pamoja Bagamoyo. Yeye alikuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa wa pili, ukianza kuhesabu kutoka chini. Namshukuru Mungu kwa mpinzani ninayemfahamu.

Jumatano, 4 Machi

Blogu imefunguka. Nimeiita "Mkutubi Mahiri". Makala ya kwanza: Kanuni Kumi na Nne za Kukaa Maktabani. Nimeiandika kwa moyo wote, hasa kanuni ya tisa kuhusu kutema mate.

Pembeni kuna kikaunta cha wageni. Saa nne asubuhi: wageni watatu. Nikasimama, nikawashukuru kwa sauti. Baadaye nikagundua wote watatu ni mimi. Kikaunta kinanihesabu kila ninapofungua!

Ugunduzi mkubwa sana huu. Nimefungua na kufunga mpaka saa saba mchana. Wageni mia moja na nne. Kidole cha shahada kimekufa ganzi, nimesaini vitabu kwa mkono wa kushoto.

Fesibuku nayo ni adabu tupu. Inakuuliza unafikiria nini. Nikaona ni ustaarabu kujibu. Nikaandika: Njaa. Sikujua kwamba wanaona wote. Makrina amebonyeza kwamba amependa.

Ijumaa, 6 Machi

Makrina ana wageni mia tatu na themanini. Nimeisoma blogu yake yote nikitafuta kosa. Anaandika namna ya kuhifadhi ufuta usishikwe na ukungu, anaweka picha za wakulima wakisoma gazeti. Watu wanaandika maoni chini, wanauliza, anawajibu. Makosa sikuyaona. Nimejifunza kuhifadhi ufuta, lakini hilo halimhusu.

Kwangu hakuna maoni hata moja. Basi nimejitengenezea wasomaji wanne: daktari wa Toronto, mhandisi wa Muscat, sista wa Roma na mtu wa kawaida wa Masasi, ili isionekane nimezidisha. Wote wamenipongeza. Sista alinipongeza mara mbili.

Mke wangu Felomena, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana macho ya kusahihishia, amechungulia jioni. Akaniuliza, Baba Valentina, mbona juu ya kila pongezi pameandikwa "Mkutubi Mahiri amesema"? Nikatazama. Kweli. Mkutubi Mahiri amesema: Hongera sana Mkutubi Mahiri, salamu kutoka Roma.

Nashukuru kuwa na mke anayeona mambo. Ningeshukuru zaidi kama asingecheka hadi kukaa chini.

Jumatatu, 9 Machi

Picha! Hicho ndicho kilichokosekana. Watu wanapenda maktaba iliyojaa. Yangu leo ilikuwa na wasomaji wawili, mmoja akisubiri nguo zake zikauke.

Hapo mvua ikashuka. Basi la Masasi lilikuwa limekwama ng'ambo ya barabara na abiria wake wako nje. Nikatoka na mwavuli, nikawakaribisha ndani kama bwana harusi. Watu kumi na tisa! Kila mmoja nikampa kitabu, nikawaomba watazame chini kwa fikra. Mzee mmoja alifikiri hadi akasinzia.

Wakati napiga, Bi Ashura akaingia katikati. Bi Ashura ndiye anayefagia hapa, mama wa makamo yaliyosogea, mtu wa Naipingo. Nikamwomba apishe. Akagoma. Akasema amefagia jengo hili miaka kumi na moja, wasomaji wanakuja na kuondoka, yeye yupo. Akaegesha ufagio ukutani, akachukua kitabu kinene kuliko vyote, akatazama kamera bila kupepesa.

Sasa ningeandika nini chini ya picha? "Mfagiaji na abiria wa Masasi"? Arusha huendi kwa maneno kama hayo. Nikaandika: "Profesa Ashura Hassani Nanjota, mtafiti mashuhuri mzaliwa wa Naipingo, akiongoza majadiliano."

Jina nimeliandika lote, kwa heshima. Wageni wamefika mia sita!

Jumatano, 11 Machi

Makrina ameandika maoni kwenye blogu yangu, hadharani, akiuliza Profesa amebobea katika fani gani. Nimejibu: Mazingira. Sioni kama nimesema uongo.

Mchana Bwana Linus akapiga simu. Amefurahi mno. Hakujua wilaya ina profesa. Atakuja mwenyewe tarehe 20 pamoja na wageni wa mradi, na anaomba Profesa awape mhadhara mfupi. Nikasema Profesa ana shughuli nyingi. Linus akasema dakika kumi tu. Nikasema ana kikohozi. Akasema atamletea dawa.

Nilipokata simu Bi Ashura alikuwa anadeki miguuni kwangu. Akaniambia niinue miguu. Nikainua.

Jumamosi, 14 Machi

Makrina hana haya! Leo asubuhi nimekuta maoni marefu chini ya picha, yametumwa na mtu anayejiita Hassani Abdalah, eti mwalimu wa shule ya ufundi huko Montepuez, Msumbiji. Anauliza kama Profesa Ashura Hassani Nanjota ni yule wa Naipingo ambaye mama yake aliitwa Zulfa. Anasema baba yake, Abdalah, alikuwa mpishi kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji hapa Nachingwea, na walipoondoka mwaka 1975 akaondoka nao. Huko vita vikaja, barua zikapotea. Kila mara akiwa kwenye kompyuta ya shule huandika jina la shangazi yake, na haikuwahi kutoa kitu hadi wiki hii. Sasa mzee ameiona picha. Amegusa kioo cha kompyuta. Amesema ni yeye, isipokuwa hajui uprofesa umetoka wapi kwa sababu Ashura aliacha shule darasa la pili. Mwisho ameweka namba ya simu.

Darasa la pili! Hapo ndipo nilipomshika. Nani mwingine anayetaka kuuondoa uprofesa kabla ya tarehe 20? Nimeyafuta maoni yote. Kisha nikaandika makala fupi: "Kwa mtani wangu wa Ruangwa: ujanja wako nimeugundua, Msumbiji siendi."

Nimejisikia vizuri sana. Nashukuru Mungu amenipa akili nyepesi kunusa hila.

Jumatatu, 16 Machi

Sijui niandike vipi ya leo.

Felomena alipita maktabani kuniletea chakula. Nikamhadithia hila ya Makrina, nikiigiza na sauti. Nikafika pale kwa mama anayeitwa Zulfa. Nyuma yangu ufagio ukaanguka.

Bi Ashura alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza nimetaja jina gani. Nikamwambia ni mzaha wa watu wa Ruangwa. Akarudia swali, polepole. Nikamwambia: Zulfa.

Akakaa kwenye kiti cha wasomaji. Miaka yote hii sijamwona amekikalia. Akasema mama yake alifariki yeye Ashura akiwa bado msichana, na hapa mjini hakuna anayejua aliitwa nani. Akauliza, huyo mtu ametaja na jina la kaka? Nikasema Abdalah. Akauliza mpishi? Nikasema mpishi.

"Mwanangu Kornel," akasema, "namba ya simu iko wapi?"

Niliifuta. Nimemwambia hivyo hivyo, nimeifuta, Bi Ashura. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Aliinama akaokota ufagio wake, akafagia pale ambapo alikuwa ameshafagia.

Nimebonyeza kila kitu kinachobonyezeka kwenye laptopu. Maoni hayakurudi. Felomena akanitazama, akasema kuna mtu mmoja tu ninayemfahamu anayejua mitambo hii. Nikasema simpigii. Akaendelea kunitazama.

Nimempigia. Nimemweleza yote, uprofesa, abiria, sista wa Roma. Makrina aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Kaka Kornel, laptopu usiiguse tena. Nakuja."

Jumanne, 17 Machi

Makrina amefika saa sita na lori la mbao, kwa sababu mabasi ya Ruangwa yamekwama kwenye tope. Ametapakaa tope hadi magotini. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kujitetea. Hakuitaka. Akanawa mikono, akauliza barua pepe yangu huwa naifungua lini.

Barua pepe gani? Kumbe nilipofungua blogu nilifungua na barua pepe! Kumbe kila maoni yanayoandikwa kwenye blogu, nakala yake inakwenda huko! Zilikuwamo barua mia mbili na kumi na moja, zote hazijafunguliwa. Tatu zilitoka kwa Makrina mwenyewe, akijitolea kunifundisha. Nikatazama dirishani.

Ya Hassani Abdalah ilikuwepo, nzima, na namba yake.

Tulipiga kwa simu ya Makrina. Bi Ashura aliishika kwa mikono miwili. Akapokea kijana, akasema ngoja. Halafu tukasikia mtu mzima akilia hadi simu inakwaruza. Bi Ashura yeye hakulia. Aliongea Kimwera, nami Kimwera changu ni cha sokoni, lakini hili nililipata: kaka aliuliza kama bado amemkasirikia kwa lile jembe la dada yake aliloliuza kabla ya kuondoka.

"Nimekukasirikia," akasema Bi Ashura. "Njoo nalo."

Ndipo alipolia. Felomena naye akalia, na Makrina, na mimi nikaenda kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Makrina alikaa hadi saa kumi akinifundisha kujibu barua, kuweka picha, kutoka kwenye jina langu kabla ya kujipongeza. Jambo hilo la mwisho alilisema bila kutabasamu. Nashukuru. Leo neno hilo sina utani nalo. Aliporudi stendi nilimbebea mkoba.

Ijumaa, 20 Machi

Bwana Linus amekuja, wageni wanne, dawa ya kikohozi mkononi. Nilikuwa nimepanga kusema Profesa ameitwa Dodoma. Kabla sijafungua mdomo Bi Ashura akasimama mbele, amevaa khanga mpya.

Akasema yeye si profesa, anafagia hapa. Akasema uprofesa nilimpa mimi ili niende Arusha. Nikatafuta shimo la kuingia, sakafu ni ya saruji. Akaendelea: lakini jina la baba yake niliandika sawasawa, herufi kwa herufi, na miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyewahi kuliandika mahali popote isipokuwa kwenye kadi ya kliniki ya Mnero. Kwa jina hilo kaka yake amempata. Atavuka Ruvuma mvua zikipungua. Na aliyemrudishia namba ni dada wa Ruangwa, aliyekuja na lori. Akashukuru, akakaa. Dakika tatu. Wageni wakapiga makofi kwa muda mrefu kuliko mhadhara.

Linus akanichukua pembeni. Wageni wangu elfu moja mia tatu, mia saba kati yao wametoka kwenye laptopu hii hii. Akaniuliza nina la kusema. Nikasema natembelea kwa bidii. Akaniambia nimeponyoka leo kwa sababu ya Bi Ashura, siku nyingine sitaponyoka, na kwamba kuanzia sasa nisiandike jambo ambalo si kweli. Nikaapa. Niliapa kwa machozi kabisa.

Arusha anakwenda Makrina. Nimempigia kumpongeza. Akanishukuru, akasema atanipigia picha za ndege kwa ndani.

Jumapili, 29 Machi

Wiki ya shukrani tupu. Hassani ametuma picha ya baba yake, mzee mwembamba, jembe jipya begani. Bi Ashura ameniomba niikuze, ameibandika juu ya meza yangu, pale palipokuwa na Kanuni Kumi na Nne. Watu wanakuja kuitazama. Wengine wanabaki kusoma. Juzi nilihesabu wasomaji kumi na wawili na mvua haikuwa inanyesha.

Nimekaa leo baada ya misa nikatafakari kwa utulivu somo la mwezi huu. Nimeliona. Kama ningeandika "mfagiaji", nani angesimama kutazama ile picha? Uprofesa ndio uliofanya kazi! Wangapi wengine hapa wilayani wamepotelewa na ndugu kwa kukosa cheo tu?

Nimeanza na mlinzi wetu, Andrea. Nimempiga picha getini na fimbo yake, nimeiweka kwenye blogu saa nane mchana: "Jenerali Andrea akikagua kikosi." Ameniambia ndugu zake wote wako Mnero, anakula nao kila Jumapili, na kuna wawili angeshukuru wasimpate.

Nimemwambia avute subira. Wageni tayari sitini, na wachache kati yao si mimi.