Kidonda cha Bibi na Madebe Mawili ya Vyura

Redio ya kinyozi ilisema wataalamu wanachunguza kama ngozi ya chura inaweza kuponya vidonda. Wateja wote wakacheka, isipokuwa Dokta Asali, mtu ambaye udokta alijipa mwenyewe na asali alipewa na waliolizwa naye. Aliondoka kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Alinunua maputo ya kijani, akayakata vipande, akavichovya kwenye mafuta ya kula. Kesho yake sokoni vilikuwa ngozi halisi ya chura. Aliuza akiwa ameegemea pikipiki yake, maana kazi yake ilikuwa na kanuni moja: uza leo, alfajiri uwe mji mwingine. Pikipiki hiyo ilikwisha kumwokoa katika miji minne. Aliipenda kuliko ndugu zake, ambao nao walikuwa wanamtafuta.

Muuza nyama mwenye kidole kilichovimba alinunua vipande vitatu. Kisha akaja bibi mmoja akichechemea, akafungua kitambaa mguuni. Yarabi, kidonda! Kipana, chekundu, kinanuka hadi nzi wanasitasita. Dokta akabandika puto huku ameziba pua.

"Kesho utaamka mzima, bibi."

Alfajiri, kabla hajawasha pikipiki, akamkuta bibi yule mlangoni pa nyumba ya wageni alikolala. Mguu laini, hata kovu hauna.

"Ngozi yako niliitupa, mjukuu wangu. Ilinuka puto," alisema bibi. "Nikasema, wazo la mtoto huyu ni zuri, mali ndiyo mbovu. Nikabandika ya chura wa kisimani kwangu."

Dokta akaupapasa ule mguu. Akauona utajiri, tena wa halali! Masikini, moyo ulimdunda kama bwana harusi.

"Niuzie vyura wote, bibi!"

"Hela nizifanyie nini kwa umri huu? Wajukuu zangu wanakaa mbali, na mguu ndiyo kwanza umepona." Akaitazama pikipiki.

"Utaiweza, bibi?"

"Nitajifunza njiani."

Jua lilikuwa limeshachomoza bibi alipoleta madebe mawili ya vyura. Akapandisha gauni, akapiga kiki mara moja tu, akakata kona bila kugusa breki. Tapeli yeyote angeshtuka hapo. Huyu wetu, aliyekwishauziwa mbuzi kwenye gunia, alikuwa ameinamia debe akichagua chura wa kuanza naye.

Chini kabisa ya vyura mkono wake ukagusa kitu laini kilichofungwa kwenye kitambaa. Akakifungua. Kilikuwa kidonda: unga wa ngano, rangi nyekundu na utumbo wa samaki. Aliona aibu, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Dokta!"

Alikuwa muuza nyama. Kidole kimevimba maradufu, na mkono ule mwingine umeshika kisu cha kazi. Dokta, kwa mazoea, akaanza kupapasa mfuko akitafuta ufunguo.

"Usihangaike," alisema muuza nyama, akiketi juu ya debe la pili. "Pikipiki nimepishana nayo darajani. Leo tutaongea taratibu."