Kurasa Kumi na Nne za Kapteni

Jumatatu, 6 Mei 1991

Padre amenipa kitubio. Wiki moja niandike dhambi zangu kwenye daftari, kila siku, bila kujitetea. Haya.

Mimi Florian, miaka arobaini na saba, mpiga taipu wa barua za watu pale verandani Mukendo, hapa Musoma, nilichukua cherehani ya mke wangu Marieta nikaipeleka kwa Boniphace, mwenye banda la video. Iwe dhamana, aniagizie kaseti Nairobi. Marieta alikuwa kwenye jumuiya. Aliporudi alikuta alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu. Alizitazama sana. Kesho yake akaenda kwa kaka yake, Butiama. Miezi mitatu sasa. Chai nakunywa peke yangu na inaungua.

Nisijitetee. Ila kaseti lazima niieleze. Mwaka 79 niliokota kitabu cha Kiingereza kwenye sanduku la misheni. Kwa Kiswahili nimekiita Sayari Isiyo na Mvua. Kapteni mmoja, mfupi, mwenye kipara, wenzake wamemwacha kwenye sayari kavu huko juu. Kila siku anamwandikia mkewe barua na hakuna wa kuipeleka. Nilikisoma miaka miwili, kamusi pembeni. Jioni nilikuwaga namsimulia Marieta ukurasa kwa ukurasa huku anachambua mchele, ukipatikana. Kurasa kumi na nne za mwisho hazipo. Karatasi ilikuwa shida kama sukari, aliyekuwa nacho kabla yangu alisokotea tumbaku. Kapteni amesharudi duniani. Ameona taa ya nyumba yake. Basi! Hapo hapo! Miaka kumi sijui kama alifika mlangoni.

Sasa mtu wa hivyo akisikia kitabu chake kimetengenezwa sinema, afanyeje? (Hii ni kujitetea. Padre asamehe.)

Leo nimemtuma Pastory, mchuuzi wa dagaa, Butiama. Amwambie shemeji Nyamhanga kwamba Jumapili nakuja na cherehani na kalamu, niandike ahadi mbele ya wazee. Pastory kwake L na R ni kitu kimoja, lakini nimemzoea. Akisema amerara vizuri, najua amelala.

Cherehani bado iko kwa Boniphace. Hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 7 Mei

Kaseti imefika! Nimeacha barua ya mtu katikati, "Mheshimiwa, nina heshima ya ku", nikakimbia. Kwenye boksi wameandika kabisa kwamba inatokana na kitabu. Nimeinusa. Boniphace akaniambia naomba usilambe.

Ataionyesha Jumapili mchana. Jumapili! Nikamwambia Jumapili nina mke. Akasema Jumamosi ni ya karate.

Nikawaza haraka. Nikamwambia mtafsiri wake Danford Kiingereza hajui, anabahatisha. Juzi daktari kwenye picha kasema mgonjwa amekufa, Danford akatafsiri "amepona, mpeni uji." Hiki kitabu Musoma nzima nimesoma mimi tu. Nitafsiri mimi, Jumamosi. Banda likijaa, cherehani yangu inarudi, tumemalizana.

Boniphace alijikuna shingo. Akakubali. Danford alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote.

Alhamisi, 9 Mei

Jana sikuandika. Dhambi ya kwanza ya leo.

Dhambi ya pili. Danford anazunguka Mwisenge anawaambia watu picha la Jumamosi halina ngumi, ni la mzee anaandika barua. Ni kweli, ndiyo uzuri wake. Lakini nimeona ubao wa matangazo uko tupu, nikachukua chaki: NGUMI SAA NZIMA. MOTO. STELINGI HAFI.

Halafu nikaomba Boniphace anionjeshe mwanzo kidogo. Afadhali nisingeomba. Kapteni ana nywele! Nywele nyingi, zimepakwa mafuta. Kijana wa miaka ishirini na tano, anatafuna jojo. Mke hayupo. Barua hazipo. Kuna msichana amevaa kama anaenda kuogelea, kwenye sayari isiyo na maji. Anaogelea wapi? Na kuna mijitu ya kijani inarusha moto. Kwenye kitabu hakuna hata mdudu. Ndiyo shida ya Kapteni yenyewe, hakuna hata mdudu wa kumsalimia.

Mimi siwaelewi watu wa sinema. Wananunua kitabu, halafu wanakuwa kama wamekichukia. Ukurasa wa themanini na nane Kapteni anaamka, anasikia mvua juu ya bati, anatoka nje amekinga mikono, ni mchanga tu unaanguka. Marieta siku ile aliacha mchele. Akasema maskini. Hapo kwenye sinema wameweka bomu.

Pastory amerudi kutoka Butiama. Wamefurahi sana ukweni. Shemeji kasema kalamu iwe kubwa, maana watu watakuwa wengi.

Nikamuuliza, kubwa kiasi gani? Akasema kubwa kabisa, ukoo wote unakuja, usituaibishe.

Nadhani kila mzee anataka kuiona sahihi yangu kutoka alipokaa. Ni haki yao.

Ijumaa, 10 Mei

Musoma nzima kalamu ni hizi nyembamba za bluu. Nimepanda lori mpaka Bunda. Kwenye ghala la pamba nimempata karani mmoja, Apolinary, anaandikia magunia kwa kalamu nene kama kidole gumba, wino mweusi, harufu inatoa machozi. Hataki kuitoa. Nimempigia barua tatu za kuomba uhamisho kwa taipu lao, akaiachia. Ahadi nitakayoandika na kitu hiki itasomeka mpaka Ukerewe.

Kwenye lori la kurudi nilikuwa nayo mfukoni kifuani. Nilijiona kama bwana harusi.

Jumamosi, 11 Mei

Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya madumu. Hyasinta, muuza sangara wa Mwigobero, alikuja na beseni lake, ana wenzake sita. Danford alisimama mlangoni amekunja mikono.

Nilianza vizuri. Natafsiri kinachosemwa. Dakika kumi hivi. Kapteni akamshika yule msichana kiuno, na mimi mdomo ukakataa. Nikasema, huyu ni dada yake, anamuaga.

Kutoka nyuma wakauliza dada gani anaagwa hivyo. Nikasema huko juu hewa ni nyembamba, watu wanapumuliana. Wakacheka. Mijitu ya kijani ikatokea, Kapteni akaipiga. Nikasema, hapa anaota. Chombo kikalipuka. Nikasema, hapa ameanza kuandika barua kwa mkewe.

Basi nikaendelea hivyo. Kwenye kioo moto, mimi nasema barua. Nazijua kwa kichwa. Mke wangu, leo nimekukumbuka ulivyokuwa unafunika sufuria. Mke wangu, kosa langu nililiona dogo kwa sababu nilikuwa karibu nalo. Vijana walizomea, wanataka ngumi za kwenye ubao. Hyasinta akageuka akawaambia wanyamaze, mtu anaongea na mkewe. Wakanyamaza kweli.

Mimi nilikuwa nangoja mwisho. Ngumi zao wakae nazo, nipeni mlango tu. Miaka kumi! Sayari ikapasuka, Kapteni akambusu dada yake, majina yakaanza kupanda. Hakuna nyumba. Hakuna taa. Nilisimama na fimbo ya kuonyeshea mkononi, nikasema, ameiona taa ya nyumba yake, anatembea, anafika mlangoni, anagonga.

Nikakwama.

"Kwa hiyo alifunguliwa?" Hyasinta akauliza.

Nikasema sijui, mama.

Hapo wakainuka wote. Dumu moja lilinipita sikioni. Boniphace akachomeka karate haraka, na Danford akaingia kutafsiri huku anashangiliwa. Lakini Boniphace ni mtu wa neno lake. Alisema banda limejaa, kujaa ni kujaa. Nimeibeba cherehani mwenyewe mpaka nyumbani. Nimeiweka kwenye zile alama nne. Imekaa sawasawa.

Jumapili, 12 Mei

Nimefika Butiama saa sita, na basi, cherehani kwenye keria. Nilihesabu watu nikaacha kwenye sitini. Wazee kwenye viti. Akina mama. Watoto wameoga. Mioto mitatu inawaka, na juu ya mafiga masufuria makubwa ya kuazima, ndani yake maji matupu yanachemka.

Shemeji Nyamhanga alinipokea vizuri. Aliitazama cherehani, akalitazama basi linaondoka, akatazama nyuma yangu. Akaniuliza kwa upole, shemeji, ng'ombe yuko njiani?

Nikasema ng'ombe gani?

"Karamu, shemeji. Uliahidi karamu."

Nikaingiza mkono kifuani, nikaitoa. Nikaiinua juu waione hata walioko nyuma.

Mzee mmoja aliomba aishike. Akainusa, akapiga chafya, akampa mwenzake. Pastory alikuwa amejificha nyuma ya mti wa mpapai, mpapai wenyewe mwembamba.

Marieta ndiye alianza kucheka. Aliketi chini akacheka mpaka akina mama wakamshika. Miezi mitatu sijasikia kile kicheko. Dada yake Dorotea akaenda kukamata kuku wake wawili, mtu akaleta mihogo, wakala walivyoweza. Mimi niliandika ahadi yangu. Kwa ile kalamu karatasi iliingia maneno matatu: SITACHUKUA KITU CHAKE TENA. Manne, la mwisho likaenda nyuma.

Mzee wa ukoo aliamua cherehani ibaki pale na Marieta abaki pale, waniangalie mwezi mmoja. Nikipita salama, nikamchukue.

Marieta alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuna basi tena, shemeji ameniazima baiskeli yake, niirudishe Jumapili. Niliikokota katikati yetu. Halafu akaniita kwa jina la binti yetu, bila kunitazama, "Baba Susana. Yule mtu wako alifika kwake?"

Nikasema sinema haikuonyesha.

Alikuwa anavuta uzi kwenye kitenge. "Mimi ningefungua," akasema. Akarudi.

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya mwisho ya kitubio. Nimeamka mwepesi kabisa. Mtu mpya. Ahadi nimeandika, na nimeielewa: nisichukue kitu chake. Chake Marieta.

Asubuhi nimempitia Boniphace kumsalimu tu. Kumbe lipo la pili! Wamelitengeneza la pili, liko Nairobi, na kwenye tangazo alilotumiwa Kapteni amesimama mbele ya nyumba. Nyumba yenye mlango! Boniphace hawezi kuagiza bila dhamana, tangu Jumamosi haniamini sana.

Na Marieta aliuliza mwenyewe. Mtu anaulizwa swali na mkewe baada ya miezi mitatu, amjibu sijui?

Baiskeli ya shemeji ni imara. Boniphace ameipanda mpaka Mwigobero na kurudi, amesema inafaa. Kaseti itafika Jumapili jioni. Shemeji anaitaka baiskeli Jumapili asubuhi aende kanisani. Nimemtuma Pastory akamwambie atembee, kanisa si mbali.