Vita Kuu vya Nusu na Gauni Lisilojua Cherehani

Sogeeni, enyi watukufu mliokaa vitini na ninyi mliokosa viti, zimeni redio, tulizeni watoto, kwa maana leo haisimuliwi habari ya majemedari waliobomoa ngome wala ya wafalme waliomeza nchi saba. Hayo ni madogo. Leo inasimuliwa habari ya mwanamke mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliyeketi kwenye kochi la sebuleni mwake miezi minane, akashona gauni.

Mwanamke huyo, jemedari wa sindano, simba jike wa bitana, mkunja marinda asiyekunja uso, ukoo mzima ulimwita Nusu. Jina hilo hakulipata bure. Kabatini mwake mlikuwa na soksi moja isiyo na mwenziwe, sweta lenye mgongo bila kifua, na kitambaa cha meza kilichotosha robo ya meza. Kuanza alikuwa hodari. Hakuna aliyepata kuzaliwa katika ukoo ule akaanza mambo kwa ushujaa kama yeye.

Jumapili moja, familia ikiwa mezani, akatangaza kwamba atashona gauni la mabibi wakubwa wa miaka mia mbili iliyopita, tena kwa mbinu za enzi hizo hizo. Dada yake mkubwa akaweka kijiko chini. Dada huyo alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini, mwenye duka, mwenye mashine ya umeme, na mwenye ulimi usiohitaji umeme.

"Kwa mkono mtupu?" akauliza.

"Kwa mkono mtupu," akajibu Nusu, naye akasimama kama anayehutubia majeshi. "Cherehani sitaigusa, zipu sitaigusa, mpira wa kiunoni sitaugusa. Uzi nitaupaka nta kama walivyoupaka wao, na kila tundu nitalizungushia uzi kwa vidole vyangu hivi. Waliotutangulia walikataa njia za mkato."

"Hawakuikataa cherehani," mumewe akasema, huku akitafuna. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa maneno machache na vijiko vingi. "Ilikuwa haijatengenezwa tu."

"Sikiliza, Nusu," dada mkubwa akasema. "Kitambaa chako nimekiona, ni kizuri, kinanitosha mapazia ya dukani. Nakupa miezi minane. Siku hiyo tukikaa mezani hapa na gauni limekwisha, mimi nitakuwa wa kwanza kuacha kukuita Nusu, na atakayekuita hivyo atanikuta. Likiwa bado, hata kidogo, nachukua kitambaa. Jina unabaki nalo."

Ukoo ukacheka. Nusu naye akacheka. Lakini alipokuwa akiosha vyombo aliisugua sufuria moja mpaka ikaona haya. Miaka hamsini na sita si umri wa kuendelea kuitwa kipande.

Vita vikaanza. Kitendawili, wajukuu: ana jicho moja, haoni, na kila aendako huburura mkia unaozidi kufupika. Mkisema sindano mmepata, wala msijivune. Nusu aliipata kila siku, hasa kwenye kidole cha shahada.

Gauni la enzi zile lilitaka mbavu zake lenyewe, kana kwamba za Muumba hazikutosha. Vitabu vya maktaba vilisema mabibi wale waliingiza matete makavu katikati ya kitambaa na bitana ili kifua kisimame wima. Matete yalikuwa mbali. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango. Basi ufagio ukafa shahidi, njiti baada ya njiti, na kwa majuma sita nyumba ya shujaa ikafagiliwa kwa maombi. Yakafuata matundu ya kamba ya mbele, arobaini na mawili kwa hesabu, ambayo hayakukatwa kwa mkasi bali yalisukumwa kwa msumari uliochongwa, nyuzi zikapishana bila kukatika hata moja, kisha yakashonwa ukingo mzima. Kila tundu lilikula saa nzima ya uhai wa binadamu. Mume akauliza kama vifungo vilikuwa dhambi wakati ule.

Mikono ikashonwa, pindo likashonwa nusu, na siku zilizobaki zikawa moja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo mshindi wa matundu arobaini na mawili alipofungua ukurasa ambao kwa miezi minane hakuwa ameuonea haja. Ukurasa ulisema: mafundi wa kale hawakukata mgongo wa gauni mezani. Waliukunja marinda na kuubana kwa pini juu ya mwili wa mvaaji, naye amesimama, na mkono wa mtu mwingine uko nyuma yake.

Kitendawili cha pili: ni chako, umezaliwa nacho, dunia nzima inakiona isipokuwa wewe. Ndiyo, mgongo.

Akaitwa mume. Mume aliishika pini kama anayeshika spana.

"Hapo panabana?" akauliza.

"Hapo ni mimi."

"Na hapa?"

"Hapo pia ni mimi, baba watoto. Gauni liko kushoto."

Katikati ya mauaji hayo hodi ikapigwa, akaingia dada mkubwa, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuja, akasema, kupima mapazia yake mapema. Akapima upana wa sketi, akaandika kwenye kiganja. Akapima urefu. Akazunguka nyuma.

"Nani kabana hivi?"

Mume akakumbuka kazi ya haraka sana iliyokuwa uani.

"Bega la kushoto limeshuka," dada akasema.

"Najua."

"Hujui. Huoni. Simama wima."

"Dada, ukinisaidia utakosa mapazia."

"Sikusaidii, nanyoosha. Nikiona kitambaa kimekaa upande, jino linaniuma." Alisema kwa pembe moja ya mdomo, kwani nyingine ilishajaa pini. "Vuta pumzi. Tulia. Haya matundu umeyashona wewe?"

"Yote."

"Hm."

Na hm ya fundi wa miaka thelathini, enyi wasikivu, ni sawa na mizinga ishirini na mmoja. Akabana mgongo mzima, mikunjo sita iliyonyooka kama mistari ya daftari, asishone hata mshono mmoja, kisha akaenda zake bila kuaga. Nusu akashona kutwa. Jumapili, sahani zikiwa tayari zinagongana mezani, akakata uzi wa mwisho wa pindo kwa meno.

Akaingia amelivaa. Dada mkubwa akainuka na miwani yake. Akakagua pindo, mikono, matundu, akaenda nyuma, akasimama hapo kama ukuta kati ya mgongo ule na meza yote.

Nusu akahisi kidole begani kushoto. Hapo ndipo alipokumbuka: uzi wa kushikizia. Ule uzi mweupe wa kushikilia mikunjo kwa muda, ambao mshono ukikamilika huvutwa ukatupwa. Alikuwa hajauvuta. Ulilala pale kwenye kitambaa cha buluu, mrefu kama kiganja, na kila fundi duniani hujua kwamba gauni lenye uzi huo bado halijaisha.

Hakuna aliyeuona ila mmoja, naye dukani kwake alikuwa na madirisha mawili yasiyo na mapazia.

Nusu akahisi kitu kikivutwa polepole sana, kikateleza, kikatoka. Dada alipozunguka mbele, mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Limekwisha," akasema. "Mdogo wangu kamaliza. Na anayemtafuta Nusu humu ndani, hayupo, ameshatoka."

Basi na iandikwe, na wanaojua kuandika waandike kwa wino mzito, kwamba Jumapili ile, saa saba na robo mchana, pasipo mji kutekwa wala mto kubadili njia, mwanamke alimaliza kitu. Jirani hakusikia. Redio haikutangaza. Lakini mume alisimama, akafuta mikono, akamvutia mkewe kiti kama wanavyovutiwa malkia. Shujaa akakitazama kiti, kiti kikamtazama, ikabainika kwamba mabibi wa kale hawakushonewa magauni ya kukalia. Akala amesimama, sahani mkononi, kama sanamu ya uwanjani. Akaongezewa mara mbili, na ya mwisho akaimaliza yote.