Mnara wa Luvungi na Njama za Placide

Jumatatu, 4 Novemba

Tangazo kutoka Uvira. Mama Pudentienne, shefu wetu wa rezo, yaani mtandao wa data wa zahanati, anasema mnara usiopitisha kitu hadi Ijumaa utang'olewa, na fundi wake atapanda Rurambo kumsaidia Placide, fundi wa milimani. Placide! Mtu anayecheka bila sababu. Rurambo! Baridi, ng'ombe, maziwa asubuhi na jioni. Na Florentine je? Anakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, hapa Luvungi, hatua thelathini kutoka mnara wangu. Wiki jana aliniongezea pilipili bila kuombwa. Sing'oki.

Nimechungulia. Data za zahanati ya Rurambo kwenda Mulenge zingeweza kushuka kwangu bondeni na kupanda tena: miruko miwili tu, antene mpya. Lakini zote zinatambaa milimani kwa Placide, kwenye antene nne kuukuu. Kwangu sifuri. Hapa kuna mkono wa mtu.

Jumanne, 5 Novemba

Dawa imepatikana! Kila njia ina namba ya uzito, na ruta, mashine inayoelekeza data, hupenda njia nyepesi. Ya Placide ni tisini. Yangu nimeishusha mpaka mbili. Upande wa Rurambo nao niliuingia kwa mbali, maana nenosiri la Placide ni jina la ng'ombe wake. Mbili kwa tisini! Nikaenda kula ndagala mapema, kusherehekea.

Jioni: sifuri. Haiwezekani.

Placide akapiga simu kunisalimia, eti miye iko nakuombea, ndugu. Ananiombea nini?

Jumatano, 6 Novemba

Nimemshtaki Placide kwa Mama Pudentienne. Hakushtuka. Alisema Rurambo na Mulenge wako eneo moja, la milimani, na mnara wangu uko eneo la katikati. Ruta hutafuta kwanza njia ya ndani ya eneo lake. Akiipata, hata iwe nzito na ndefu vipi, basi, ya nje haitazami. Uzito hulinganishwa kati ya njia za ndani kwa ndani tu. Ni kama neno la mu familia, alisema: mnalimaliza kwanza nyumbani, hata kama mujomba iko muzito wa kusikia. Mkishindwa ndiyo mnatoka nje.

Mbona amenifafanulia vizuri hivyo? Mtu haeleweshi adui yake bure. Wameongea, yeye na Placide.

Lakini amejikwaa. Kama wanapenda watu wa nyumbani, nitaingia hiyo nyumba.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeufutia mnara wangu namba ya eneo la katikati, nikauandikia ya milimani. Rahisi! Nikataka kubadilisha na upande wa Rurambo. Nenosiri limekataa. Placide amelibadilisha! Mwenye moyo safi habadilishi nenosiri.

Sasa kioo kinaandika kwamba sina jirani hata mmoja. Ruta husalimiana kila baada ya sekunde kumi, na wasiokubaliana namba ya eneo hawaitikiani. Wangu unasalimu, wenzake kimya. Wameambiwa waununie. Mama Pudentienne akauliza kwa nini Luvungi imezimika. Nikasema nafanya usafi.

Jioni mvua kubwa milimani. Vizuri. Imlowanishe.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua imeangusha antene ya tatu ya Placide! Njia ya milimani imekatika! Nilicheza peke yangu chini ya mnara.

Kisha simu. Émérance, muuguzi wa Mulenge, anasubiri majibu ya damu ya mama mjamzito kutoka Rurambo na hayafiki. Ikabidi motari ayabebe kwa pikipiki kwenye matope, saa nne nzima. Mama amejifungua salama, namshukuru Mungu. Hapo kweli niliogopa.

Mama Pudentienne hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alisema njia ya ndani ilipokufa, ruta wangetoka nje wenyewe na kupita kwangu, bila kubembelezwa. Data zote. Leo, siku ya hukumu. Weye Gracien, alisema, mulango ulikuwa wako, na ni weye uliufunga.

Hukumu: mnara unabaki, umeonekana una kazi. Anayeng'olewa ni fundi.

Jumatatu, 11 Novemba

Rurambo. Baridi. Maziwa. Placide ameshushwa Luvungi, kwenye mnara wangu, na ameurudishia namba yake ya eneo la katikati. Nilimpigia Florentine. Anasema Placide ni mpole, na anapenda pilipili.

Antene imesimamishwa tena, na sasa data zote zinapita kwangu! Zote! Simu inalia mchana kutwa. Ni njama, naiona wazi. Wamenitwisha mzigo ili yeye ale ndagala kwa raha.

Lakini safari hii hawaniwezi. Njia yangu ya milimani nimeipandisha uzito kutoka tisini hadi elfu sitini. Ya Luvungi bado ni mbili. Hata mtoto angejua ruta atachagua ipi. Kesho asubuhi data zote zitamwangukia Placide, hatapata hata muda wa kunawa mikono.