Gari Pana, Uchochoro Mwembamba

Upepo aliliona gari kabla hajamwona dereva wake, na huo ndio utaratibu aliouzoea maishani: gari kwanza, binadamu baadaye. Lilikuwa gari dogo la spoti, jekundu, la milango miwili, limesimama kwenye kituo cha mafuta. Muuza mafuta alikuwa kando yake na bomba mkononi, akisubiri afunguliwe kifuniko cha tangi.

Dereva alivuta kitu, boneti ikafunguka. Akavuta kingine, buti ikafunguka. Akabonyeza cha tatu, wipa zikaanza kufuta kioo kikavu kwa bidii kubwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooka, shavu la kushoto limevimba, macho yamelowa kwa maumivu.

Upepo alikuwa kwenye pampu ya jirani, ndani ya gari la marehemu baba yake. Alizima injini na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Mtu asiyelijua gari lake, tena anaumwa jino! Neema ya namna hiyo haimfikii kila mtu, na Upepo hakuwa mtu wa kuidharau.

Jina la Upepo alipewa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akiuza turbo za kuongezea injini nguvu, na turbo, kama alivyowaeleza wateja, si kitu ila upepo uliopelekwa shule. Wateja waliokwisha kununua walikuwa na maelezo mengine kuhusu jina hilo, lakini hao hakuwa na mazoea ya kuonana nao mara ya pili.

"Habari za saa hizi, kaka. Pole na jino."

"Asante. Ndiyo nimetoka kung'oa," alisema yule bwana kwa taabu, pamba ikiwa bado mdomoni.

"Samahani kukuingilia. Mimi ni mtaalamu wa injini. Hebu zima redio."

"Haijawashwa."

"Vizuri." Upepo akafunga boneti, akailalia kwa sikio, akafumba macho. "Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Umeona? Ndiyo hatari yenyewe."

Yule bwana akalitazama gari kwa woga. Upepo akamshika bega na kumweleza kwa sauti ya msibani kwamba magari ya aina hii yalizaliwa yawekewe turbo na bodi pana. Yakikosa, injini hujila yenyewe taratibu kwa huzuni.

"Injini ina huzuni?"

"Ya kimyakimya. Ile mbaya."

"Sasa nifanyeje, mdogo wangu?"

"Ukilitengeneza litakufilisi. Ukiliacha litalipuka. Sikulazimishi, chagua wewe."

Bwana yule alipangusa macho. "Mimi muuza mapazia tu. Sitaki makuu. Ningepata gari la kawaida, la adabu..." Akageuka, akanyoosha kidole. "Kama hilo lako."

Hapo Upepo alisita. Tumtendee haki: alisita kweli. Gari lile lilikuwa jeupe, la milango minne, na baba yake aliliendesha teksi maisha yake yote bila kumzidishia abiria nauli. Mama yake hakupanda mbele hata siku moja. Marehemu alikuwa akimfungulia mlango wa nyuma na kumwambia siti ya nyuma ndiyo ya heshima, na mpaka leo kila Jumapili alikaa huko huko, mkoba mapajani, akipelekwa kwa dada yake. "Baba yako yumo humu," alikuwa akisema, akipapasa siti. Upepo alilipenda gari lile. Kati ya vitu vyote alivyokuwa navyo, ndicho pekee ambacho hakuna mtu aliyelizwa ili yeye akipate.

Lakini macho yake yalirudi kwenye lile jekundu. Akalipanulia bodi kichwani, akalipa sauti, akaliuza. Kwa pesa hizo angemtafuta tena huyu muuza mapazia, alichukue gari la baba kwa bei ya kutupwa, na mama asingejua kitu. Mpango ulikuwa safi. Ulihitaji tu kila mtu mwingine awe mjinga kwa muda mfupi.

Wakabadilishana funguo. Muuza mapazia alilia kidogo, na Upepo akampa leso.

"Kadi ya gari iko nyumbani," alisema yule bwana. "Nitakuletea Jumatatu."

Maneno hayo hayo Upepo alikuwa akiwaambia watu miaka nenda rudi, na hayakuwahi kuwa ya kweli hata mara moja. Lakini yakitoka kwenye kinywa chenye pamba yalisikika ya uaminifu sana. Akamshika mkono, akamwombea apone haraka.

Gereji ya Upepo ilikuwa uani, nyuma ya nyumba mbili za mawe, na njia ya kufika huko ilikuwa uchochoro kati ya kuta za nyumba hizo. Gari jekundu lilipita bila kugusa popote. Uani alikuwapo shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa bodi. Shemeji hakuwa tapeli. Alikuwa na maradhi mengine: hakuweza kuvumilia kitu kisicholingana.

"Nataka mabega," Upepo alimwambia. "Juu ya kila tairi. Mtu akiliona ajisikie mwembamba."

Shemeji akachukua sponji za magodoro mabovu, akazikata, akazigandisha, akazifunika faiba, akapaka puti, akapiga msasa. Mabega ya kushoto yakatoka mazuri ajabu. Akahamia kulia. Jioni akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa.

"Shemeji, kulia kumezidi."

"Punguza."

"Kupunguza ni kuharibu. Naongeza kushoto."

Kesho yake kushoto kukawa kumezidi. Akaongeza kulia. Upepo angeweza kumzuia, lakini kila akilitazama aliona bei ikipanda, akanyamaza. Likapanuka kwa amani, upande huu ukimwonea wivu ule, hadi likawa kama mtu aliyeshika kiuno kwa mikono miwili kwenye mlango wa ofisi.

Upepo mwenyewe alishughulikia nguvu. Alifunga chini ya boneti ganda la turbo la lori lililokufa, akaling'arisha, na halikuunganishwa na kitu chochote duniani. Ndani ya bomba la eksozi akatia filimbi. Vioo vya milango akaving'oa na kuweka plastiki ngumu iliyokazwa kwa skrubu, kwa maelezo kwamba gari la mashindano halibebi uzito wa bure. Juu ya paa akatoboa tundu na kulivika mdomo mpana wa kunyonya hewa. Mvua ikinyesha ungelowa, lakini mtu wa mashindano haogopi mvua.

Katikati ya kazi mama yake alifika gerejini, mkoba mkononi.

"Mwanangu, gari liko wapi? Jumapili iliyopita sikwenda kwa dada."

"Liko sevisi, mama."

"Sevisi gani isiyokwisha?"

"Sevisi kubwa. Wanalikagua lote. Nimetaka likutunze vizuri."

Mama akamshika shavu, macho yakamlegea kwa furaha. "Una moyo wa baba yako," akasema, akaenda zake. Upepo alihisi aibu hadi visigino. Kisha akapiga picha ya gari na kuitangaza kwenye simu.

Mwanamke mmoja alipiga siku hiyo hiyo. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea kuwaambia watu hawataumia.

"Nimelipenda gari lako. Siti ya abiria ina alama ya kuungua?"

Upepo akachungulia. Ilikuwapo. "Unajua magari, dada! Hiyo ni alama ya dereva wa mashindano. Alikuwa akishinda kwa kasi mpaka siti inaungua."

"Na chini ya usukani kuna stika? Ya jino linalocheka?"

Upepo akainama. Jino lilimchekea. "Ipo. Hiyo ni nembo ya timu."

"Timu gani?"

"Timu ya Meno," alisema Upepo. "Walikuwa wakali sana."

"Jumamosi asubuhi nakuja. Litoe barabarani nilione kwenye mwanga."

Jumamosi Upepo alivaa shati jeupe. Shemeji alikuwa ameuegemea ukuta wa uchochoro, akilitazama gari, halafu uchochoro, halafu gari.

"Shemeji, hapa litapita?"

"Si liliingia hapa hapa?"

"Liliingia."

"Basi linaijua njia."

Upepo akaingia, akafunga mlango, akawasha. Filimbi ikalia, na hata yeye aliyeitia mle ndani alisisimka. Akaingia uchochoroni. Mabega ya mbele yaligusa kuta zote mbili. Mtu mwenye busara angesimama hapo. Upepo aliona mwanga wa barabara mbele yake, na kandokando ya mwanga huo mwanamke aliyesimama na mkoba, akakanyaga mafuta.

Sponji ya godoro ina tabia yake: ukiisukuma inajikunja, lakini ukitaka kuirudisha inakataa. Mabega ya mbele yalijikunja yakaingia. Ya nyuma, ambayo shemeji aliyalinganisha mara nyingi zaidi, yalifika mdomoni mwa uchochoro na kukaba. Gari likasimama katikati ya kuta mbili, injini ikanguruma, filimbi ikapiga mayowe, na watu wakatoka madukani kuangalia nani kauawa.

Upepo akatia gia ya kurudi nyuma. Halikurudi. Akasukuma mlango, ukagonga ukuta. Akajaribu mwingine, ukuta. Plastiki ya madirishani haikutoka kwa sababu ya skrubu, na skrubu alizikaza mwenyewe, akizisifu.

Mwanamke akaja mpaka mbele ya boneti. Pembeni yake alisimama mwanamume mwenye viatu vizito ambaye hakujitambulisha. Mwanamke akatoa ufunguo wa akiba mkobani, akaubonyeza. Taa za gari zikawaka na kuzima mara mbili, milango ikajifunga kwa mlio mdogo wa utii.

"Mimi ni daktari wa meno," alisema. "Hilo ni gari langu. Umelifanya nini?"

Upepo akazima injini. Njia pekee ya kuongea na ulimwengu ilikuwa ule mdomo wa paani, basi akauinulia kinywa chake.

"Daktari, nimeonewa!" sauti yake ikatoka juu ya gari. "Kuna muuza mapazia. Nilikutana naye kituo cha mafuta, alikuwa analia. Tukabadilishana magari. Mimi nilijua ni lake!"

Yule mwenye viatu vizito, ambaye sasa alionyesha kitambulisho cha askari, alitikisa kichwa. "Muuza mapazia anayelia. Endelea, ninaburudika."

"Wallahi afande! Shavu limevimba, pamba mdomoni!"

Daktari akainua mkono. "Shavu gani?"

"La kushoto!"

Akamgeukia askari. "Huyo nilimng'oa gego siku ile ile ufunguo wangu ulipopotea kwenye koti. Huyu anaweza kuwa anasema kweli."

Askari alikuna kidevu. "Sawa. Kama ni kweli, huyo mtu yuko barabarani na gari lako, na tutamkamata kabla ya jioni. Wewe utakuwa shahidi tu, utakwenda nyumbani. Niambie: ulimpa gari gani?"

Upepo alivuta pumzi. Alikuwa na ukweli mzima mzima mdomoni, na safari hii ulikuwa na faida. Hali hiyo haikuwahi kumpata tangu azaliwe.

Wakati huo mama yake akapenya katikati ya watu.

"Kuna nini? Mwanangu! Nani amekuweka humo?"

"Mama," askari alisema kwa upole, "mwanao anadai aliwahi kuwa na gari, akambadilishia mwizi."

"Nani? Huyu?" Mama alicheka kwa uchungu. "Afande, gari analo moja tu, la marehemu baba yake. Hawezi kulitoa kwa mtu, hata umfunge. Liko sevisi. Ameniambia mwenyewe, na mwanangu hanidanganyi mimi."

Daktari alimtazama Upepo kupitia kioo cha mbele. Askari alimtazama. Mama alikuwa amebandika kiganja kwenye boneti, anamtazama kwa imani ile ile ya siku zote, na Upepo akaona kwamba anachotakiwa kusema ni sentensi moja fupi, na kwamba sentensi hiyo itaingia moja kwa moja kwenye uso ule.

Akainua kinywa kwenye tundu.

"Ni kweli, afande," alisema. "Liko sevisi."

"Umesikia?" mama akamwambia askari.

"Nimesikia," alisema askari, akatoa pingu.

Shemeji alikuja na msumeno. Alilia alipokata mabega, kushoto kwanza, kisha kulia kiasi kile kile. Upepo akatolewa akiwa na vumbi la puti kichwani. Askari akamfunika pingu kwa leso, kwa heshima ya mama mtu, na kumwongoza hadi kwenye gari la polisi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Naenda kulifuata gari la baba, mama. Ngojea kidogo."

Uso wa mama ukachanua. Askari alipofungua mlango wa nyuma, yeye ndiye aliyeushika, akamwinamishia mwanawe kichwa asijigonge, akamweka sawa na kumfuta puti shavuni.

"Kaa vizuri," alisema. "Siti ya nyuma ndiyo ya heshima. Baba yako angefurahi sana."