Nilivyomwanika mama mkwe kwenye wiki

Leo nimeaibika ukweni. Tena kwa herufi nene.

Nianze mwanzo, maana najua Kulwa, mke wangu, atawasimulia kwa njia yake, na kwake mimi huwa sipati hata robo ya utetezi.

Hapa Rwamgasa tuna wiki ya kata. Ni kitabu cha mtandaoni ambacho kila aliyejiandikisha anaruhusiwa kuandika na kurekebisha. Anayekisimamia ni dada mmoja wa maktaba, Neema, mpole, mvumilivu, na leo ndiye aliyenizika na kunifufua. Humo ndani kuna ukurasa wa baba mkwe wangu, marehemu Mzee Malimi, aliyechimba dhahabu tangu enzi za sururu na kamba. Alipokuwa mgonjwa nilikaa pembeni ya kitanda chake wiki tatu, yeye anasema, mimi naandika kwa simu moja kwa moja kwenye wiki. Hakuna daftari. Hakuna aliyerekodi sauti. Maneno ya Mzee yako pale tu.

Tulipomaliza matanga, mama mkwe aliniomba kitu kimoja: "Siku moja mnisomee alichosema." Siku hiyo ilikuwa leo, saa nane mchana, maktaba.

Sasa mimi, kwa kupenda sifa (ugonjwa wa ukoo), nikaona ukurasa uko mkavu mno. Maandishi yote sawasawa, hakuna kichwa cha habari kinachoeleweka. Mama mkwe anakuja na kitenge kipya, halafu akute ukurasa umevaa matambara? Saa nne asubuhi nikawa nimeshakaa mbele ya kompyuta.

"Mwalimu, fanyia kwanza kwenye ukurasa wa mazoezi," Neema akaniambia. "Ukizoea ndiyo uhamie kule." Kisha akatoka kwenda kufuata projekta.

Nikafungua ukurasa wa mazoezi. (Nilidhani nimefungua ukurasa wa mazoezi. Shikeni hapo.)

Ili herufi ziwe nene unaweka ritifaa tatu, ile alama ya kwenye ng'ombe, mwanzo na mwisho wa sentensi. Nikahitaji sentensi ya kujaribia. Mtu mwenye akili angeandika "Paka amelala." Mimi nikaandika kilichonijia:

Mama mkwe ana sauti ya karasha.

Kwa msiolijua karasha, ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ikiwashwa, mnaongea kwa mikono. Na mama mkwe, Mungu amjalie maisha marefu, ameuza matobolwa kwenye machimbo miaka yote hiyo, na kiazi kikavu hakiuziki huko kwa kunong'ona. Nikainenepesha. Ikapendeza! Nikaikuza ikawa kichwa cha habari. Ikapendeza zaidi! Nikabonyeza hifadhi.

Kila ukihifadhi, chini kuna kisanduku kinakuuliza umebadilisha nini. Mimi nilidhani ni pa kujiandikia mwenyewe, kama pembeni ya daftari. Nikaandika: "Najaribu. Ukweli mtupu lakini."

Nikaendelea na unene. Nikaweka ritifaa mwanzoni mwa kila aya, mwishoni nikasahau. Ukurasa mzima ukanenepa. Nikapandisha macho juu kutafuta pa kupunguzia, nikasoma jina la ukurasa: Mzee Malimi na Uchimbaji wa Zamani.

Haukuwa wa mazoezi.

Nikaifuta ile sentensi haraka. Kwenye kisanduku nikaandika: "Hakuna aliyeona." Nikashusha pumzi.

Ningeishia hapo sasa hivi ningekuwa nalala kwa amani. Lakini nikaona neno moja limebaki kwenye aya ya pili: "duala." Mzee, kama Wasukuma wengi wa rika lake, r kwake ilikuwa l. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa "duala," barabara ikawa "balabala." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na baada ya msiba nilikuwa nimeyasahihisha maneno yake yote, moja moja, kwa fahari kubwa. Hili lilinitoroka. Huenda kuna mengine! Nikakumbuka kwamba kuna sehemu ya kutafuta na kubadilisha. Nikaiambia: tafuta l, weka r. Ikaniuliza: zote?

Nikajibu zote. (Msiniulize kwa nini.)

Mzee Malimi akawa Mzee Marimi. Pale aliposema walilala kando ya shimo wakala ugali na dagaa wa Nkome, sasa warirara kando ya shimo wakara ugari! Walinzi wakawa warinzi. Nikahifadhi kwa mshtuko tu, kidole kilijiendea. Kisanduku: "Yesu wangu."

Basi nikawaza, dawa ya moto ni moto. Tafuta r, weka l. Zote.

Ugali ukarudi! Nikapiga makofi peke yangu maktaba. Halafu nikasoma zaidi. Habari ikawa habali. Baridi ikawa balidi. Pale ambapo wachimbaji walipiga kura kumchagua mwenyekiti wao, sasa walipiga kula. Na kwa kuwa r zote na l zote zilikuwa zimeshachanganyika kwenye sufuria moja, hakukuwa na mashine ya kunitenganishia. Nikahifadhi tena. Kisanduku: "Mama mkwe akijua, narudi kwetu Chato kwa miguu."

Nikaanza kurekebisha kwa kumbukumbu. Aya ya kwanza nikaikumbuka vizuri. Ya tatu nusu. Ya tano, ambapo Mzee alieleza namna ya kusikiliza mwamba kabla haujaanguka, sikukumbuka kitu. Nikaifuta, nikaanza kuiandika upya, nikagundua namtungia marehemu maneno. Hapo mzaha ukaniishia. Nilimwona yule mzee na pumzi zake fupi, akinisubiri nimalize kuandika neno ndipo aseme lingine. Alinitunzia subira yote ile, na mimi nimeimwaga kwa ajili ya herufi nene. Machozi yalinitoka, sitawaficha.

Kisanduku cha mwisho: "Nisamehe Mzee."

Saa saba na nusu, nje nikasikia: "Mwangaluka! Kuna watu humu?"

Mama mkwe. Kafika mapema, na salamu ya Kisukuma ya asubuhi, maana asubuhi kwake haiishi mpaka aamue mwenyewe.

Nikasimama. Ukweni kwangu bado wameshika desturi, mkwe hampi mkono mama mkwe wala hakai naye bega kwa bega, kwa hiyo nikasalimia nikiwa nyuma ya meza. (Ningekuwa na meza mbili ningesimama nyuma ya zote.)

"Shikamoo mama."

"Malahaba, baba. Mbona umenyauka?"

Kulwa alikuwa nyuma yake. Akaniangalia mara moja tu. Mke akikaa nawe miaka tisa hahitaji maelezo. "Umefanya nini?"

Kabla sijajibu Neema akaingia na projekta. Akaichomeka, akafungua ukurasa wa Mzee, na ukuta mzima ukajaa habali, balidi na kula.

"Nimeuharibu," nikasema. "Wote. Mama, nimeyapoteza maneno ya baba."

Mama mkwe akakaa kwenye benchi taratibu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Yote?"

Neema akanigeukia. "Mwalimu, Historia umeangalia?"

"Dada, huu si wakati wa somo."

"Pale juu. Pameandikwa Historia."

Ndugu zangu, mimi nafundisha Kiswahili na Historia. Siku Neema alipofundisha kipengele kile mimi nilitoka kwenda kunywa chai, nikasema kwa madaha, "Historia naifahamu, hiyo ndiyo inanilisha." Kumbe ni orodha ya kila badiliko lililowahi kufanyika, na kila sura ya zamani ya ukurasa imehifadhiwa. Unachagua, unairudisha. Hakuna kinachopotea.

Hakuna. Kinachopotea. Mnaelewa?

Neema akabonyeza. Ukutani ikatokea orodha: jina langu, saa, na yale niliyoyaandika kwenye kisanduku. Yote! "Najaribu. Ukweli mtupu lakini." "Hakuna aliyeona." "Yesu wangu." "Mama mkwe akijua, narudi kwetu Chato kwa miguu."

"Someni na mimi nisikie," mama mkwe akasema. Macho yake hayasomi maandishi ya mbali.

"Mama, si muhimu," nikasema.

"Kulwa, soma."

Na Kulwa, niliyemtolea ng'ombe wa watu, akasoma. Alipofika kwenye ukweli mtupu, akauliza kwa upole wa kutisha, "Ukweli gani huo, baba Elia?" Neema, bila nia mbaya (nitamtetea mpaka kesho), akabonyeza palipoandikwa tofauti, panapoonyesha kilichoongezwa. Ikajaa ukuta mzima, ndani ya rangi, nene, kichwa cha habari:

MAMA MKWE ANA SAUTI YA KARASHA.

Kulwa akaisoma. Kwa sauti. Na pumziko zuri kabla ya neno la mwisho.

Nilitafuta mlango kwa macho. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la mlangoni.

"Kalasha," akasema polepole. "Hilo neno umelitoa wapi?"

Nikataka kusema nimelitunga. Halafu nikakumbuka kwamba sikulitunga. "Kwa baba," nikasema. "Aliwahi kulisema."

"Limeandikwa humo?"

Nikakiri kwamba nililifuta. Neema akashuka chini ya orodha, mpaka siku zile za kitandani. Juu yake tu palikuwa na badiliko moja, langu, la baada ya msiba. Kisandukuni nimeandika kwa ujuaji wangu wote: "Nimeondoa yasiyohusu mada." Akafungua sura iliyokuwepo kabla yake. Safari hii nikasoma mimi, maana nilistahili:

"Siku ile taa ilizimika chini ya duala, sikujua njia. Nikamsikia mama Kulwa anaita wateja wa matobolwa huko juu. Yule mwanamke ana sauti ya kalasha. Nikaifuata mpaka nikatoka. Andika kwamba nashukulu. Mimi mwenyewe mdomo ulikuwa mzito kumwambia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa hayahusu mada.

Mama mkwe akajifuta uso kwa upande wa kitenge kipya. "Siku hiyo alitoka," akasema, "akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Nikamnunia wiki nzima kwamba kanywa maji yangu bila hata asante." Kisha akamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, Malimi."

Kulwa alikuwa analia. Neema pia. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

"Sasa hii ndiyo marudio," mama mkwe akasema baadaye, akiutazama ukuta kwa macho ya biashara. Marudio ni mchanga ambao umeshaoshwa dhahabu ukatupwa. Wenye akili huuosha tena. "Watu wanadhani kimekwisha. Mimi nimesomesha watoto wanne kwa marudio. Ludisheni yote, baba. Kama alivyosema. Duala iwe duala."

"Ndiyo mama."

"Na hiyo ya kalasha isiguswe. Ni ya mume wangu."

Tukairudisha sura ya kitandani, na l zake zote. Sikusahihisha hata moja. Tukamsomea mwanzo hadi mwisho, yeye akiitikia kila aya kama vile Mzee yuko chumba cha pili. Sijui niwashukuru nani waliobuni kitu kisichosahau, lakini nawashukuru. Neema namshukuru kwa jina. Mama mkwe namshukuru kwa mbali, kama desturi inavyotaka.

Ilibaki kuhifadhi. Kile kisanduku kikaniuliza tena umebadilisha nini, na safari hii nilijua kabisa naandika mbele ya nani. Nikaandika: "Nimerudisha maneno ya Mzee niliyoyafuta kwa ujuaji. Tafadhali msicheke."

"Kaandika nini?" mama mkwe akauliza.

Neema akamsomea.

Akacheka. Nadhani hata waliokuwa chini ya maduara walimsikia.